Mali Inayooza Chini ya Mwembe

Mpita njia yeyote mwenye macho, akizunguka nyuma ya majengo yetu ya umma hapa Unguja, au akivuka hadi Chake Chake na Wete kule Pemba, hatakosa kuliona jambo tunalotaka kulizungumza leo. Ataona madawati yaliyopandanishwa moja juu ya jingine chini ya mwembe, viti vilivyokatika mguu mmoja, makabati ya chuma yaliyoliwa na kutu ya hewa ya bahari, na meza nzuri za mninga ambazo nyuso zake zimepasuka kwa jua na mvua. Akiuliza, ataambiwa kuwa vitu hivyo vinangoja kufutwa katika daftari. Akirejea baada ya mwaka atavikuta pale pale, ila vitakuwa vimezama kidogo katika udongo, na mchwa watakuwa wamekwisha fika.

Hatuitaji ofisi yoyote, wala hapana haja ya kuitaja, maana jambo lenyewe limeenea na kuzoeleka hata halimshangazi mtu tena. Linalotushangaza sisi ni kwamba katika visiwa hivi hivi, na pengine katika shehia ile ile, wapo watoto wanaoandika huku daftari wamelipakata mapajani kwa kukosa dawati. Wapo vijana waliokwisha posa lakini harusi inacheleweshwa na kitanda na kabati. Na zipo nyumba ambazo mgonjwa hulala mkekani, si kwa kupenda, bali kwa kuwa bei ya kitanda kipya imewapita wenyewe. Na bandarini nako makontena yanashusha makochi, friji na magodoro yaliyokwisha tumika katika nchi za watu. Tunanunua kwa fedha za kigeni kilichochoka kwa wenzetu, na kilichochoka kwetu tunakiachia mchwa.

Wazee wetu hawakuishi hivyo. Nyumba ilipoanguka, mlango wake wa nakshi, uwe wa mfenesi au wa msaji, uling'olewa kwa uangalifu ukatiwa katika nyumba nyingine. Boriti za mikoko zilichaguliwa katika kifusi, zikakatwa sehemu iliyooza, na kwa kuwa sasa zimekuwa fupi zikaezekea chumba chembamba zaidi. Godoro la sufi lilipogandamana lilifumuliwa, sufi ikaanikwa juani na kuchambuliwa kwa mkono, kisha ikarudishwa katika mfuko mpya. Kopo la maziwa liligeuzwa koroboi. Tabia hiyo haijafa kabisa: hata leo utaona kiti cha plastiki kilichopasuka kimeshonwa kwa waya, na mwenye duka amekikalia barazani kwa starehe zake zote.

Kilichobadilika ni vitu vyenyewe na wingi wake. Kitanda cha samadari kiliunganishwa kwa ulimi na tundu. Kikilegea, fundi hukifungua, akatia kabari, akakirudisha, na wajukuu wakakilalia. Kabati la siku hizi aghalabu limetengenezwa kwa vumbi la mbao lililogandishwa kwa gundi na kuvishwa karatasi yenye sura ya mbao. Likiingia maji hufura kama mkate uliochovywa katika chai, na likishafura hapana randa wala gundi itakayolirudisha. Kisha zipo hoteli. Katika pwani za Nungwi, Kiwengwa na Paje, hoteli hubadilisha samani zake kila baada ya muda, mara nyingi si kwa kuwa zimevunjika bali kwa kuwa mtindo wake umepita. Baadhi ya vitu hivyo hupewa wafanyakazi, vingine huchukuliwa na madalali, na vilivyosalia hupakiwa katika gari pamoja na makuti na taka za bustani.

Na gari hilo linakwenda wapi? Kisiwa cha Unguja hakifiki kilomita za mraba 1,700. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,889,773 katika Zanzibar nzima, na wengi wao wamo Unguja. Kila eka itakayogeuzwa jaa ni eka iliyotolewa katika muhogo, katika minazi au katika makazi. Taka za mji hupelekwa jaa la Kibele, na kila safari ya kwenda huko ina gharama ya mafuta, ya dereva na ya matairi. Kochi moja huchukua katika gari nafasi ya mapipa mengi ya taka za jikoni, nalo uzito wake ni mdogo na ndani yake umo mti, chuma na kitambaa ambavyo vingeweza kutumika. Tunalipa ili kusafirisha hewa iliyozungukwa na mbao.

Mbao yenyewe si yetu. Mninga na mkongo unaotumiwa na mafundi wetu huvuka bahari kutoka Bara, na kila anayenunua ubao hapa hulipa pia nauli ya ubao huo. Kwa Pemba na Tumbatu nauli huongezeka. Kwa hivyo mguu wa meza ya mninga ulio mzima, hata kama uso wa meza hiyo umekwisha, ni kitu chenye thamani sokoni, na fundi yeyote wa barabarani atakwambia hivyo kabla hujamaliza kumuuliza.

Tunalopendekeza ni kuanzishwa, katika kila wilaya itakayoweza, chama cha wananchi chenye kazi moja: kupokea samani zilizoachwa, kuzitengeneza, kuziuza kwa bei ya watu wa kipato cha chini, na kwa faida yake kuwafundisha vijana kazi. Kiwe chama cha ushirika au kikundi kilichosajiliwa, hilo si shina la mambo. Shina ni kwamba kifanye biashara kweli kweli, kilipe mishahara na kodi ya ghala kutokana na mauzo, na ziada irudi katika kazi wala isigawanywe. Tunasisitiza neno biashara kwa kuwa tumekwisha ona mipango mingi ya hisani katika visiwa hivi ikiishi kadiri ya umri wa fedha za mfadhili. Mfadhili akiondoka, gari hukosa tairi, na ubao wa jina huanza kuchakaa.

Jambo hili si ndoto, wala si geni duniani. Mwaka 1949, katika kitongoji cha Neuilly-Plaisance karibu na Paris, kasisi mmoja wa Kifaransa, Abbé Pierre, ambaye wakati huo alikuwa pia mbunge, aliwapokea katika nyumba yake watu waliokuwa hawana pa kukaa. Alipokosa kiti chake Bungeni mwaka 1951 akakosa na mshahara, na nyumba ile ikawa na midomo mingi bila chakula. Wakaazi wake ndipo wakashika kazi ya kuokota: vyuma, matambara, chupa, na samani zilizotupwa na watu wa mjini. Walivichambua, wakavitengeneza, wakaviuza, wakala kwa jasho lao. Katika baridi kali ya mwaka 1954 kasisi huyo alitoa wito katika redio, na Wafaransa wakaitika kwa mablanketi, nguo na vyombo kwa wingi ambao hakuna aliyeutarajia, hata ikabidi kutafuta majumba makubwa ya kuwekea vitu. Hivi leo jumuiya hizo za Emmaus zimo katika nchi takriban 40. Uingereza ilipata ya kwanza mwaka 1991, katika mji wa Cambridge. Anayeingia katika jumuiya hizo haombwi historia ya maisha yake. Hupewa chumba, chakula na kazi, na kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni kutengeneza na kuuza meza, vitanda na makabati ambayo wengine wameyachoka.

Hapa hatuna budi kusema jambo jingine, japo ni chungu. Mwaka 2024, miaka kumi na saba baada ya kifo cha kasisi huyo, jumuiya zenyewe ndizo zilizotangaza hadharani kwamba wanawake wamemtuhumu kwa kuwadhalilisha, na tuhuma zikaendelea kuongezeka. Maduka hayakufungwa, na makochi yaliendelea kutengenezwa. Tunaitaja habari hii kwa kuwa kwetu pia upo mtindo wa kujenga kila jambo la umma juu ya sifa ya mtu mmoja, awe mheshimiwa, awe mfadhili, awe mwenyekiti asiyeulizwa. Chama tunachokipendekeza kisimame juu ya daftari la hesabu na mkutano wa wanachama. Mtu mwema ni baraka, lakini si badala ya risiti.

Kutoka Uingereza ipo pia hekima ya kiserikali inayowahusu maofisa wetu moja kwa moja. Sheria yao ya mazingira ya mwaka 1990 iliweka utaratibu ambao mamlaka yenye dhamana ya majaa huweza kumlipa yule anayeokoa taka zisifike jaani, na malipo huhesabiwa kwa tani. Hoja yake ni nyepesi: kama tani moja ingeigharimu mamlaka kiasi fulani kuisafirisha na kuizika, na kikundi cha wananchi kimeizuia isifike huko, basi kile kilichookolewa ni haki ya kikundi hicho. Malipo ya namna hiyo si msaada. Ni ujira wa kazi iliyofanyika. Vikundi vingi vya samani vya huko vimepata pumzi kwa njia hiyo katika miezi ambayo mauzo yalilegea.

Wenzetu hao wana na mikasa yao. Kanuni za mwaka 1988 za kuzuia moto zinataka kila kochi jipya liwe na kipande cha kitambaa chenye maandishi ya kuthibitisha kuwa sponji na kitambaa chake havishiki moto upesi. Kochi lililopoteza kipande hicho, hata liwe zima na zuri namna gani, vikundi kwa kawaida hukataa kuliuza. Hatusemi kuwa kanuni ni mbaya. Sponji ikiungua hutoa moshi unaoua haraka. Tunasema tu kwamba anayetaka kuanza kazi hii azijue kanuni kabla ya kukodi gari, wala si baada ya ghala kujaa.

Karibu zaidi na sisi, kule Lamu, mafundi wa jahazi walizindua mwaka 2018 chombo kilichoundwa kwa plastiki iliyookotwa ufukweni na kuvishwa vipande vya ndara za rangi. Mwaka 2019 chombo hicho, Flipflopi, kilisafiri kwa tanga hadi hapa Unguja, na wengi wetu tulikwenda kukitazama. Somo tulilolipata halikuwa rangi zake. Lilikuwa kwamba kazi ile ilifanywa na mafundi wenye ujuzi wa urithi, waliotia patasi na msumeno katika kitu kipya bila ya kuacha waliyofunzwa na baba zao. Mafundi kama hao tunao.

Sasa tuseme kinagaubaga namna kazi hii inavyokwenda, kwa sababu wengi hudhani kuwa ni kupaka vanishi tu.

Ghala ndiyo roho ya kazi, na ghala hiyo hiyo ndiyo inayoweza kuiua. Watu wakisikia kuwa pana mahali panapopokea vitu vya zamani, wataleta kila kitu wanachoona haya kukitupa: magodoro yaliyolowa, makabati yaliyofura, viti visivyo na hata mguu mmoja. Asiyejua kukataa ataamka siku moja amekuwa jaa la pili, tena jaa linalolipiwa kodi. Kwa hivyo lazima pawe na mtu mlangoni, mpole wa maneno lakini mgumu wa uamuzi, anayetenga kila kinachofika: cha kutengenezwa, cha kufunguliwa kwa ajili ya mbao, skrubu na bawaba zake, na cha kurudishwa kwa mwenyewe.

Yapo na maadui wadogo. Kunguni hujificha katika mishono ya godoro na katika nyufa za kitanda, na kitanda kimoja kilichoingia bila kukaguliwa huambukiza ghala nzima, kisha nyumba za wanunuzi, kisha sifa ya chama. Magodoro ya vitambaa ni bora yasipokelewe kabisa. Dumuzi naye hutambulikana kwa unga mwembamba chini ya ubao na matundu madogo kama ya sindano. Kipande cha namna hiyo kitengwe nje, kitiwe dawa, au kichomwe. Na rangi za zamani huenda zina madini ya risasi ndani yake. Fundi anayezipiga msasa mkavu hujivutia sumu kifuani na kuipeleka nyumbani katika nguo zake, na wanaodhurika zaidi ni watoto. Msasa wa maji, barakoa ya kuchuja vumbi jembamba, na nguo za kazi zinazobaki kazini: haya hayahitaji mfadhili.

Katika bei, tunawaonya waanzilishi wasione haya kutoza. Kitu cha bure hakiheshimiwi, tena huvutia wasiohitaji kabla ya wanaohitaji. Bei iandikwe wazi juu ya kitu, iwe ndogo kuliko ya kitu kipya kwa kiasi cha kuonekana, na familia zisizojiweza kabisa zipunguziwe kwa barua ya sheha au ya ofisi ya ustawi wa jamii. Kikitokea kitu cha thamani kubwa, mathalani kasha la zamani la njumu au kiti cha enzi, kiuzwe kwa bei yake kamili kwa mwenye uwezo, na fedha hizo ndizo zitakazopunguza bei ya kitanda cha mjane. Ila vitu vya kale vyenye thamani ya historia vipitishwe kwanza kwa wenye dhamana ya mambo ya kale. Tumekwisha poteza milango mingi.

Tunajua kuwa mafundi seremala walioko kandokando ya barabara za Ng'ambo watauliza: je, chama hiki kitatunyang'anya riziki? Swali ni la haki na lisijibiwe kwa hotuba. Jibu letu ni kwamba mnunuzi wa kitanda kilichotengenezwa upya kwa kawaida ni yule ambaye asingeweza kununua kipya kabisa. Walakini si kweli kwamba hapana fundi atakayeguswa. Yule anayeuza vitanda vidogo vya bei ya chini huenda akaguswa. Kwa hivyo mafundi waingie ndani ya jambo tangu mwanzo: wapewe kazi ya matengenezo kwa malipo ya kila kipande, wauziwe mbao kuukuu kwa bei nafuu kabla ya mtu mwingine, na wawe na viti katika kamati. Fundi mzee ambaye mikono yake imeanza kutetemeka kwa msumeno bado ana macho ya kumwonesha kijana kiungo kilipolegea. Vituo vya mafunzo ya amali vya Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Vitongoji vinafundisha vijana useremala. Kiti kilichovunjika ni mwalimu mzuri kuliko ubao mpya, kwa maana kinaonesha wapi fundi wa kwanza alikosea.

Tumefika katika fundo lenyewe, nalo tunawaomba maofisa wa Serikali walisome kwa utulivu. Kwa nini madawati yale yako chini ya mwembe? Si kwa uvivu peke yake. Ofisa mwenye dhamana ya mali ya umma anajua kwamba akiliacha dawati lioze, hapana atakayemuuliza. Lakini akilitoa, hata kwa skuli ya jirani, huenda mkaguzi wa hesabu akamuuliza limekwenda wapi, kwa idhini ya nani, na kwa bei gani. Akiwa mtu mwangalifu ataliacha lioze. Hivyo uadilifu wenyewe, kwa namna tuliyoupanga, umekuwa mshirika wa mchwa.

Hatusemi kwamba khofu hiyo haina msingi. Zamani si mbali ambapo vitu vya umma viliandikwa kuwa vibovu asubuhi na jioni vikaonekana barazani kwa mtu. Ukali wa ukaguzi ulikuja kwa sababu, na hatungependa kuuona ukilegezwa. Lakini sheria ya ununuzi na uondoaji wa mali za umma, iliyotungwa hapa Zanzibar mwaka 2016, ililibeba neno uondoaji katika jina lake lenyewe. Waliotunga sheria walijua kuwa mali huingia na pia hutoka, na kwamba kutoka kwake kunahitaji utaratibu sawasawa na kuingia. Katika utekelezaji, tumeutilia mkazo mlango wa kuingilia, na wa kutokea umeota nyasi.

Tunaamini utaratibu mwepesi unaweza kuwekwa bila ya kumfungulia mwizi dirisha. Kila ofisi, kila skuli na kila hospitali iandike mara moja kwa mwaka, katika mwezi uliotajwa, orodha ya samani isizozitumia. Kamati ya ukaguzi ifike katika muda wenye kikomo, na siku zikipita bila ya kamati kufika, aulizwe mwenye kamati, si mwenye samani. Orodha ibandikwe ubaoni kwa sheha ili kila mwananchi aisome. Skuli zipewe nafasi ya kwanza. Kisha chama cha wilaya kinunue kilichosalia kwa bei ndogo iliyopangwa, kwa risiti na kwa saini mbili. Mnada ubaki kwa magari na mitambo. Kupiga mnada wa viti kumi vibovu mara nyingi hula fedha kuliko zinazopatikana.

Baraza la manispaa nalo lina nafasi yake. Likipima uzito wa kile ambacho chama kimekizuia kisifike Kibele, na kulipa sehemu ya nauli lililoiokoa, halitakuwa limetoa sadaka. Lakini mizani iwepo, na vitabu viwe wazi kwa pande zote mbili, maana malipo ya tani yasiyopimwa yatazaa tani za uongo. Hilo nalo limewahi kutokea katika nchi za watu.

Kwa wenye hoteli tuna neno fupi. Wageni wenu wengi hupenda kuambiwa kuwa hoteli inayajali mazingira, na maneno hayo huandikwa vizuri juu ya taulo za vyumbani. Mnapobadilisha vitanda mia moja kwa mkupuo, toeni taarifa ya miezi miwili ili chama kijipange kwa gari na ghala. Kikundi cha watu sita hakiwezi kupokea vitanda mia moja kwa simu ya usiku mmoja, na mkifanya hivyo mtakuwa mmehamisha tatizo lenu tu. Na mnaponunua vipya, ulizeni kama vinaweza kufunguliwa na kutengenezwa. Gharama ya kitu kisichotengenezeka huanza siku ile kinapoharibika, na wanaoilipa ni wanavijiji walio jirani na jaa.

Wananchi nao wasidhani kuwa haya ni mambo ya Serikali na hoteli pekee. Tumezoea kuona haya kununua kilichotumiwa na jirani, hali hatuoni haya kununua kilichotumiwa na mtu wa Ulaya tusiyemjua. Bibi harusi akipelekewa kabati lililotengenezwa upya, maneno hupita mtaani. Akipelekewa la maranda jipya, litakalofura masika ya pili, hupigiwa vigelegele. Mila hii hatuwezi kuibadilisha kwa tahariri. Itabadilika siku ambayo kazi ya mafundi hao itakuwa nzuri kiasi cha kwamba mgeni akiingia chumbani atauliza kabati hili limenunuliwa wapi.

Kwa hivyo waanzilishi wasianze kwa ukubwa. Banda moja lisilovuja, mafundi wawili, mkokoteni wa kukodi, mtu mmoja mwenye kuandika hesabu kila jioni, na uthubutu wa kukataa godoro lenye kunguni. Waanze na madawati, kwa maana umbo lake ni moja, mbao zake zinajulikana, na katika madawati matatu mabovu fundi mwenye akili hupata mawili mazima.

Mvua za masika huanza mwezi wa Machi. Tunaiomba wizara yenye dhamana ya elimu, kwa kuwa yake ndiyo madawati yaliyo mengi, itoe maelekezo kwa wakuu wa skuli na maofisa wa wilaya, Unguja na Pemba, waandike kabla ya mwezi huo ni samani ngapi zilizo nje, ziko wapi, na zipi bado zinafaa kutengenezwa. Kazi hiyo haihitaji bajeti; inahitaji daftari, kalamu na asubuhi moja. Orodha hiyo ikipatikana tutakuwa tayari kuichapisha katika ukurasa huu, shehia kwa shehia, ili chama chochote chenye banda na mafundi kijue pa kubisha hodi.